Posho, Hongo na Mabega ya Watu: Tajriba ya Ugeni katika Nathari ya Kale ya Safari

Utangulizi

Historia ya nathari ya Kiswahili aghalabu huanzishwa na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), kisha hupelekwa moja kwa moja kwa Shaaban Robert. Maandishi yaliyotangulia hapo huachiwa wanahistoria wayachimbue tarehe, au wanaisimu wayapekue lahaja. Mhakiki hupita kando. Makala haya yanakusudia kuyarejesha baadhi ya maandishi hayo mikononi mwa mhakiki, hasa yale yanayosimulia maisha ya watu wa pwani waliosafiri na kukaa ugenini katika bara la Afrika ya kati na mashariki wakati wa karne ya kumi na tisa.

Maandishi tunayoyazingatia ni ya aina mbili. Ya kwanza ni masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa wasimulizi wake wamo Selemani bin Mwenye Chande, aliyesafiri bara hadi pande za Tanganyika, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Udoe na Uzigua. Ya pili ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliyotolewa na Heinrich Brode mnamo 1902 na 1903, na ambayo wengi wetu tuliisoma katika toleo la W. H. Whiteley. Hapa tutaiita Maisha.

Katika semina za uzamili nimesikia lalamiko moja likirudiwa mwaka baada ya mwaka: kwamba maandishi haya ni makavu. Hayana mandhari. Hayana jua linalotua nyuma ya milima wala msafiri anayesimama kando ya ziwa akastaajabu. Kilichomo ni vyakula, vitambaa, idadi ya siku na majina ya watemi. "Hili ni daftari la mfanyabiashara, si fasihi," alisema mwanafunzi mmoja. Mwenzake aliyeketi nyuma akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ile: "Mwalimu, na hao waliobeba mizigo wako wapi?"

Makala haya ni jaribio la kuwajibu wote wawili. Tunadai kuwa ukavu unaolalamikiwa ndio ujumi wa nathari hii: posho na hongo ndizo njia yake ya kuona nchi. Lakini tunadai pia kwamba namna hiyo ya kuona ina upofu wake, na mhakiki anayeisifu bila kuutaja upofu huo anashiriki kuuendeleza.

Bara kama ugenini

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba mipaka inayotenganisha leo Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwako wakati wa safari hizi. Hata hivyo msafiri wa pwani alijijua kuwa mgeni tangu alipoiacha Mrima nyuma yake. Ugeni wake ulipimwa kwa lugha asiyoijua, kwa chakula asichokizoea, na kwa ukweli kwamba kila baada ya mwendo wa siku chache alikuwa katika milki ya mtu mwingine na alipaswa kuomba njia.

Wahenga walisema msafiri kafiri. Si kwamba ameacha dini, bali safari humlazimisha kula asichokula kwao na kulala asipolala. Maandishi haya yanaithibitisha methali hiyo, na kuigeuza pia. Msafiri wa pwani hufika bara akiwa na neno lake tayari: wenyeji ni "washenzi". Neno hilo limetapakaa katika Maisha bila ya msimulizi kuona haja ya kulieleza. Yeye na wenzake ni "waungwana". Hapa pana jambo ambalo msomaji wa leo hulipita kwa urahisi. Katika misafara ya bara, jina la uungwana lilienea hata kwa watumwa waliotoka pwani na mabwana zao. Mtu ambaye Unguja au Bagamoyo hangethubutu kujiita mwungwana, akishavuka nchi chache alikuwa mwungwana machoni pa wenyeji na machoni pake mwenyewe. Athari za jina hilo zingali hai: Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa sababu yao.

Basi ugeni huu haukuwa hasara tupu. Kwa baadhi ya watu ulikuwa mahali pa pekee ambapo cheo kiliweza kubadilika. Kwa hiyo neno "washenzi" lisisomwe kama tusi tu, ingawa ni tusi. Ni nguzo inayoshikilia nyumba nzima: pasipo mshenzi wa kutazamwa, mtumwa wa jana hawezi kuwa mwungwana wa leo.

Posho kama jicho

Tukirudi kwenye lalamiko la ukavu, hatuna budi kuuliza: mandhari huonwa na nani? Stanley na Cameron, ambao wote wawili walikutana na Tippu Tip, waliandika vitabu vinene vilivyojaa milima, mito na misitu. Lakini vitabu hivyo viliandikiwa wasomaji wa Ulaya waliotaka kuonyeshwa wasichopata kukiona, na viliandikwa na watu ambao sehemu kubwa ya shughuli za kila siku za msafara waliwaachia wengine: kutafuta njia, kusema na wenyeji, kupima nguo, kugawa posho. Msimulizi wa Maisha ni mmoja wa hao wengine. Asipojua mtama unapatikana wapi, watu wake watakufa au watatoroka.

Kwa hiyo nchi katika nathari hii huonwa kwa tumbo kwanza. Nchi ni njema ikiwa chakula chake ni rahisi na maji yake yako karibu; ni mbaya ikiwa ina njaa, au ikiwa mwenyeji wake ni mgumu wa biashara. Umbali hupimwa kwa siku za mwendo, utajiri kwa frasila, na kila frasila ni takriban kilo 16 ambazo mtu fulani alizibeba. Merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, zimetajwa kwa uangalifu ambao mshairi angeuweka kwenye macho ya mpenzi wake. Na ni haki, kwani nguo ile ndiyo iliyogeuka kuwa unga jioni.

Mtindo nao unafuatana na jicho hili. Usimulizi unaendeshwa na kiambishi -ka-: wakaenda, wakafika, wakanunua, wakalala. Vivumishi ni vichache, tashbihi ni nadra. Mhakiki aliyelelewa kwenye riwaya huona umaskini hapo. Lakini tulinganishe na masimulizi simulizi ya jamii zetu, tutaona kwamba -ka- ndiyo inayobeba taharuki: kila tendo linaning'inia likisubiri jingine, na msikilizaji hajui kama kesho kuna kula. Mwendo wa sentensi ni mwendo wa miguu. Hii ni fani, tena fani inayolingana barabara na maudhui yake.

Tusisahau, hata hivyo, kuwa maandishi ya Velten yaliombwa. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani Dar es Salaam, kisha akafundisha Kiswahili Berlin, na alihitaji matini za kusomesha wanafunzi wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari anapoichanganya safari yake na habari za Wadoe na mila zao, tunasikia pembeni sauti ya anayeuliza. Sehemu ya ukavu huu, basi, ni ukavu wa mtu anayejibu maswali ya mkubwa.

Hongo na nasaba

Ikiwa posho ni jicho la nathari hii, hongo ni kinywa chake. Siku hizi neno hili limebakia na maana ya rushwa, na wanafunzi wetu hulisoma hivyo, wakawaona watemi wa Ugogo kama askari wa barabarani. Huko ni kulidhulumu. Hongo ya njia ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu, kunywa maji ya visima vyake na kununua chakula cha watu wake. Mkono mtupu haulambwi. Mazungumzo juu ya hongo, yenye mapatano, kukataa, kuongeza na kusubiri, ndiyo mahali ambapo mwenyeji anaonekana kuwa mtu mwenye akili na hoja, hata pale msimulizi anapomwita mshenzi.

Lakini Maisha inatuonyesha njia nyingine ya kupita, nayo ni ya kutisha zaidi kuliko hongo. Ni kisa cha Kasongo Rushie, mtemi mzee wa Utetera. Msimulizi anapata habari kwamba zamani dada za mtemi walitekwa wakapelekwa mbali. Anapofika anajitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wao, damu iliyopotea na sasa imerudi. Mzee anamkubali, anamkabidhi utawala, na pembe za nchi zinaanza kuja kwake.

Wahakiki wachache waliokitaja kisa hiki wamekicheka kama hila ya Abunuwasi. Mimi nadhani ndicho kitovu cha kitabu. Swali la kwanza ambalo mgeni huulizwa katika jamii zetu nyingi ni: wewe ni mtoto wa nani? Swali hilo ni la ukarimu. Humtafutia mgeni mahali pa kuketi. Tippu Tip analijibu kwa kujenga nasaba juu ya jeraha halisi la mwenyeji, yaani jamaa waliochukuliwa utumwani. Msiba unaozaliwa na biashara ile ile anayoifanya yeye unakuwa ufunguo wa ghala la pembe. Msimulizi hajifichi wala hajutii. Anasimulia kwa -ka- ile ile ya kununua mtama.

"Sisi" ni nani?

Hapa ndipo linapotokea swali la mwanafunzi wa nyuma. Wengi wa wasimulizi hawa hutumia nafsi ya kwanza wingi. Ni "sisi" tuliosafiri, tuliovuka, tuliolala na njaa. Nafsi hii ina joto la ushirika, nayo hutufanya tuwapende wasimulizi. Lakini tuidadisi. Anayesema "tulibeba" alibeba nini? Katika misafara hii mzigo mmoja aghalabu ulikuwa kiasi cha frasila mbili, na ulibebwa na mpagazi wa Kinyamwezi, wa Kizaramo, au na mateka. "Sisi" inamkumbatia wakati wa kutembea, na inamtoa nje wakati wa kugawana faida.

Kuna mahali katika Maisha ambapo pazia hili linapasuka. Wapagazi waliokodiwa wanatoroka wakati msafara haujafika mbali na pwani. Msimulizi anarudi nyuma, anawakamata watu wa vijijini pamoja na wazee wao, anawatia minyororo na kuwabebesha mizigo. Kwa tendo hilo anapewa jina la Kingugwa, yaani chui, mnyama anayeshambulia bila kuchagua. Anaitaja lakabu hiyo bila aibu, kama alivyoitaja ile ya Tippu Tip inayotokana na mlio wa bunduki zake.

Nadhani anatutajia zaidi ya alivyokusudia. Lakabu hizi hazikubuniwa na msimulizi. Zilibuniwa na wenyeji, na ni uhakiki wao wa maneno machache juu ya mgeni waliyempokea. Katika kitabu kizima ambamo wabebaji hawasemi, majina haya mawili ndiyo sentensi zao. Moja inasema: tulikusikia ukipiga. Nyingine inasema: hukuchagua, ulikamata tu. Anayetafuta sauti ya waliobeba asiishie kusikitikia kimya chao. Aisome lakabu kama matini.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nathari ya kale ya safari si daftari lililokosa sanaa. Ina jicho lake, kinywa chake na mwendo wake, na vyote vinatokana na shughuli za kila siku za mtu anayeishi ugenini na kulazimika kula. Mwanafunzi wa kwanza, basi, hakuwa sahihi. Lakini wa pili alikuwa sahihi, na kwa muda mrefu sisi waalimu tumefundisha kana kwamba hakuuliza.

Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Paradise (1994), ambayo tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, aliirudia njia hii ya misafara. Alimweka katikati kijana Yusuf, aliyetolewa rehani kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake. Riwaya inaanzia pale nathari ya kale inaponyamaza. Lakini Yusuf asiwe kisingizio cha kuacha kuyasoma maandishi ya mwanzo. Pasipo ukavu wa posho na hongo, hatutajua kijana yule alitembea katika nchi ya namna gani, wala uzito wa kilichokuwa juu ya mabega ya waliokuwa mbele yake.

Pendekezo langu kwa idara ni dogo. Maandishi haya yatolewe kwenye orodha ya "usomaji wa ziada" na yawekwe katika kozi ya nathari, kabla ya Mbotela. Yasomwe kama fasihi, kwa heshima ya fani yake. Na kila tunapokutana na "tu-", tusimame tuhesabu vichwa.