Kukata kani ya watatu bila kuvunja ulinganifu

Kiini cha tritiamu, chenye protoni moja na nyutroni mbili, kimefungika kwa MeV 8.48. Kikokotoe kwa kani za wawili wawili peke yake, hata kwa fomula makini ya Argonne v18, utapata kama MeV 7.6. Pengo hilo hudaiwa kani ya watatu, ambayo Fujita na Miyazawa waliielezea mwaka 1957.

Kuibeba kwenye kompyuta ndiyo kazi. Bati-120 lina jozi 7,140 za nukleoni, lakini ukizihesabu tatu tatu unafika 280,840. Hivyo nukleoni ya tatu haifuatwi ilipo. Huwekewa wastani wa wenzake wote kiinini. Inabaki kani ya wawili iliyorekebishwa, tofauti kwa kila kiini, na masalia ya watatu hutupwa.

Kwa oksijeni-16, ambayo maganda yake yamejaa, mambo huenda salama. Bati-120 halina bahati hiyo upande wa nyutroni. Huko wakokotoaji hupenda kuanzia hali ya Bogoliubov, ambamo nyutroni hushikana jozi na idadi yake ni sahihi kwa wastani tu. Si kosa, maana ulinganifu wa idadi ya chembe, uliovunjwa hapo, hurudishwa baadaye. Lakini ukichukua wastani kutoka hali hiyo kisha ukakata masalia, ufa unahamia kwenye hamiltoni, yaani opereta ya nishati yenyewe: inabaki na vipande vinavyoongeza au kupunguza chembe. Sasa utarudisha nini, ikiwa kipimo chenyewe kimepinda?

Ripoche, Tichai na Duguet walitoa mwaka 2020 namna ya kukata inayotunza idadi ya chembe. Mimi navutiwa zaidi na ya 2021, ya Frosini na wenzake, baadhi yao wa Saclay, Ufaransa. Wao waliona kwamba wastani si lazima utoke kwenye hali inayokokotolewa. Tumia densiti ya nukleoni moja moja iliyo na ulinganifu wote, hata kama ni ya makadirio, na opereta iliyopunguzwa itaurithi. Kosa lilibaki chini ya asilimia 2 hadi 3 katika viini vingi.

Walijaribu kwa hamiltoni laini, ambayo ukali wa kani zake za karibu umepunguzwa, na hata hapo asilimia hizo si za kupuuzwa. Bati-120 limefungika kwa takriban MeV 1,020. Asilimia 2 yake ni MeV 20, ilhali kung'oa nyutroni moja huhitaji kama 9. Ukitoa nishati ya kiini kimoja kwenye ya jirani yake, sehemu kubwa ya kosa inaweza kufutika, mradi densiti iliyotumika isiruke ghafla baina ya viini hivyo viwili.