Hamasa, Ari na Mzuka: Tatizo la Kuupima Uhai wa Kazi ya Fasihi

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili asomaye vitabu vya uhakiki vya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno 'verve'. Hulikuta pale ambapo kazi inasifiwa kwa uchangamfu, wepesi na nguvu za kumnasa msomaji. Anapotaka kulieleza darasani husema 'hamasa', kisha huendelea na somo lake. Makala haya yanadai kwamba uteuzi huo si suala la tafsiri peke yake. Ni hukumu juu ya kazi, na mara nyingi hukumu hiyo huwa na kasoro. Tutaanza na neno lenyewe, tulilinganishe na maneno yetu, kisha tupime hoja kwa utendaji wa Wataita, ambao Mbololo ni mojawapo ya milima yao, na kwa tamthilia ya Kinjeketile.

2.0 Neno na Jamaa Zake

Neno 'verve' liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa mnamo karne ya 17. Hapo mwanzo lilimaanisha kipaji maalumu cha kuandika. Baadaye likapanuka na kuhusu uchangamfu wa sanaa yoyote, hata wa mwenendo wa mtu. Asili yake huhusishwa na neno la Kilatini lenye maana ya 'maneno'. Jamaa zake wana kazi nyingine: 'vigour' ni nguvu za mwili au za hoja, 'mettle' ni uimara udhihirikao wakati wa majaribu, na 'zest' ni hamu ya kulifurahia jambo. Sifa bainifu ya 'verve' ni kwamba ni mali ya mtu binafsi. Haiulizi nguvu hizo zimetoka wapi wala zinamfaa nani.

Maneno ya Kiswahili huuliza. 'Hamasa' ni neno la Kiarabu la ushujaa. Ndilo jina la diwani mashuhuri ya mashairi iliyokusanywa na Abu Tammam katika karne ya 9. Kwa hiyo linabeba harufu ya vita na la kutendwa kwa pamoja. 'Ari' huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya aibu: mwenye ari ni yule akataaye kuaibika mbele ya wenzake. 'Ghera' ina undugu na wivu. 'Mori' ni ghadhabu impandayo mtu. 'Mzuka' ulikuwa kiumbe kizukacho ghafla kabla vijana hawajaufanya kuwa jina la msisimko. Tukiyatazama maneno haya kwa pamoja, tunaona kwamba kila moja linaihusisha nguvu na kitu kilicho nje ya mtu: adui, jirani, mshindani au pepo. Hakuna hata moja linalomwachia msanii sifa yake peke yake.

3.0 Mfano wa Wataita

Katika milima ya Taita, ukiwemo Mbololo ulio juu ya Voi, kulikuwa na aina mbili za utendaji ambazo mgeni angeweza kuzisifu kwa neno moja. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alizieleza zote mbili. Ya kwanza ni saka, hali iliyowashika hasa wanawake walioolewa: mwili hutetemeka, kichwa na mabega hutikisika, na ngoma huchezwa ili kuituliza. Ya pili ni kutasa, ambayo ndiyo kiini cha kitabu chake cha 1978. Mtu hunywa funda la pombe, maji au maji ya miwa, akalipuliza kwa mdomo huku akitamka maneno ya baraka na ya kuikana hasira iliyomo moyoni, ambao kwa Kidawida huitwa ngolo.

Kutasa ni utendaji wenye uhai mkubwa. Pumzi, kimiminika na neno hutoka kwa pamoja. Lakini lengo lake ni kupoza. Mtendaji hasifiwi kwa kuipandisha hadhira mori; hufanikiwa pale moyo unapobaki bila kinyongo. Mhakiki atakayesema kwamba utendaji huu 'una hamasa' atakuwa amegeuza maana yake juu chini.

4.0 Kinjeketile

Kosa hilo hilo linatukabili tunaposoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wahakiki wengi huona ndani yake hamasa ya ukombozi, na hawakukosea. Hata hivyo, mwandishi anakwenda mbali zaidi. Kinjeketile anashikwa na pepo Hongo, neno linazaliwa, watu wanaungana. Kisha anagundua kwamba neno hilo limekua kuliko yeye na hawezi tena kulirudisha. Mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kulikana, kwa sababu sasa ni mali ya watakaokuja. Hapa swali la maneno yetu ndilo swali la tamthilia: nguvu hii ni ya nani, na ni nani atakayeilipia? Msomaji anayetosheka na kuusifu uchangamfu wa mchezo hatalisikia swali hilo.

5.0 Hitimisho

Hatupendekezi kubuni istilahi mpya ya kuziba pengo la 'verve'. Kwa sifa ya mtindo, maneno 'uchangamfu' na 'uhai' yanatosha. Tunachopendekeza ni kwamba neno 'hamasa' litumike pale tu hadhira inapochochewa kutenda, na kwamba mhakiki aeleze daima inachochewa kutenda nini. Jambo hili lina uzito katika utahini. Mwanafunzi akizoea kutuza joto peke yake, ataipa alama ndogo sala iliyosemwa kwa utulivu na kubwa hotuba yenye kelele, na sehemu kubwa ya fasihi simulizi yetu itaonekana dhaifu kwa sababu tu kazi yake ilikuwa kutuliza.