Uvuguvugu wa Tui

Mkate wa ufuta wa Unguja husifiwa kwa ufuta wake na kwa harufu ya makaa. Mimi huanza kuusifu mapema zaidi, pale mpishi anapodondoshea tui upande wa ndani wa kifundo cha mkono kabla hajatia hamira. Likimpasha bila kumchoma, anaendelea. Kipimajoto hana, wala hakihitaji.

Hamira ni kiumbe hai, kuvu mdogo asiyeonekana kwa macho; katika zile punje kavu za pakiti amelala tu. Tui la nyuzijoto 38 hadi 43 humwamsha, akala sukari na kutoa hewa inayoumua unga. Likikaribia 60, anakufa. Ubaridi nao una madhara yake, tena ya kujificha: punje zikilowa kwenye baridi, utando wa hamira huvuja, na kinachovuja hulegeza unga hadi ukashindwa kushika hewa yake wenyewe.

Kinachonifurahisha hasa ni kwamba nazi nayo hudai uvuguvugu. Mafuta yake huganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana nazi iliyokunwa hukamuliwa kwa maji ya vuguvugu ili tui zito litoke. Mpishi stadi hukuna, hukamua, huchuja, na hamira huingia tui likingali na joto lake. Kulibandika jikoni tena ni kulitafutia balaa.

Kisha kuna majira. Wakati wa kaskazi unga wenyewe unashinda na joto; tui likiwa na moto vilevile, kila kitu huumuka mbio na mkate hunuka hamira. Basi hamira huamshwa kwa tui kidogo kikombeni, lililobaki likasubiri lipoe. Kipupwe kikiingia, bakuli hufunikwa vizuri na kusogezwa karibu na jiko. Ujuzi huu haumo kwenye karatasi ya vipimo, nami nauheshimu kuliko vipimo vyote.

Unga ukishaumuka, hutandazwa kwa mkono mbichi juu ya chuma cha moto, ukanyunyiziwa ufuta, kisha chuma kikapinduliwa kuelekea makaa. Moto unapopenya, hamira huchangamka kwa mara ya mwisho na kuuvimbisha mkate, halafu hufa. Matundu yake hubaki, na hayo ndiyo yatakayokunywa mchuzi wa pweza wa nazi.