Milioni 100 za Kila Mtu

Kanuni za michezo husomwa na wachache, na wanaozihakiki ni wachache zaidi. Tunahakiki riwaya, filamu na nyimbo, lakini maandishi yanayowakesha vijana wengi wa Kilwa kuanzia Agosti hadi Mei hatuyagusi. Nazungumzia kanuni za Fantasy Premier League, mchezo ulioanza msimu wa 2002/03. Huku Likawage tunaucheza kwa simu, kwa bando la siku na kwa mtandao unaokuja na kuondoka. Nimezisoma kanuni hizo kama ninavyosoma kitabu, nikijiuliza mwandishi wake anaamini nini kuhusu haki.

Msingi wake ni mwepesi. Kila mchezaji anapewa pauni milioni 100 za kufikirika. Kwa fedha hizo anasajili watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Klabu moja haiwezi kukupa zaidi ya watatu. Kila wiki unapata badiliko moja la bure, na ukizidisha unakatwa pointi 4. Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Kwa mechi ya Jumamosi mchana, hapa kwetu hiyo ni saa saba au saa nane mchana, kutegemea Waingereza wamerudisha saa zao nyuma au bado.

Aliyezoea mashairi ya kimapokeo ataielewa haraka haja ya kikomo hiki. Mizani 16 kwa mstari haimzuii malenga kusema. Inamlazimisha aache neno moja ili lingine lipate nafasi. Milioni 100 inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa bei za chini zilizozoeleka, milioni 4 kwa kipa au beki na milioni 4.5 kwa kiungo au mshambuliaji, kikosi cha bei rahisi kabisa hugharimu milioni 64. Kwa hiyo uhuru wako wa kweli ni milioni 36 tu. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, Erling Haaland aliuzwa milioni 15 na Mohamed Salah milioni 12.5. Ukiwachukua wote wawili, zaidi ya nusu ya uhuru huo imekwisha, na bado una watu 13 wa kutafuta.

Hapo ndipo kanuni inapoanza kumgusa mtu. Januari 2020 Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Februari akafunga dhidi ya Bournemouth. Kumweka kikosini lilikuwa jambo la moyo, lakini mchezo ule hauna bei ya moyo. Nafasi za washambuliaji ni tatu tu, na kumpa mmoja Samatta ni kumnyima mwingine. Alimaliza akiwa na bao moja la ligi katika mechi 14. Waliombakiza waliyalipia mapenzi yao kwa pointi, wiki baada ya wiki. Sioni aibu katika hilo. Bila kikomo, kumchagua Samatta kusingemgharimu mtu chochote.

Kanuni ya watatu kwa klabu moja naiona bora kuliko zote. Inamlazimisha shabiki wa Arsenal kuitazama mechi ya Brentford kwa makini, na shabiki wa Manchester United kumtegemea beki wa Liverpool. Katika kibanda umiza utamsikia mtu akiishangilia timu aliyoitukana wiki iliyopita. Kanuni chache za binadamu zimefanikiwa kumfanya mtu ahitaji mafanikio ya jirani asiyempenda.

Kasoro iko kwenye kuuza. Bei za wachezaji hupanda na kushuka kwa kadiri watu wanavyowanunua na kuwaacha. Ukimnunua mtu kwa milioni 6.0 akapanda hadi 6.3, ukimuuza hupewi 6.3. Unapata nusu ya faida, na ile nusu nayo hushushwa hadi desimali iliyo chini, kwa hiyo unaondoka na 6.1. Lakini akishuka hadi 5.8, unauza kwa 5.8. Faida mnagawana, hasara unaibeba peke yako.

Mkulima wa ufuta hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwetu ufuta huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo chama cha msingi, wanunuzi wanashindana mnadani, na bei inayotangazwa siyo inayofika mkononi, kwa sababu katikati kuna makato. Mjomba wangu aliniuliza siku moja, nikiwa nahesabu kikosi, "Mjomba, hao watu unawalipa wewe?" Nilipomweleza habari ya nusu ya faida alicheka. "Kumbe na Wazungu wana makato." Akauliza yanakwenda wapi. Swali hilo ndilo la uhakiki hasa. Makato ya ufuta yana majina: halmashauri, chama, ghala, usafiri. Unaweza kuyabishia kwenye mkutano. Nusu ya faida ya Fantasy haiendi kwa yeyote, inapotea tu.

Kuna utetezi, nao una nguvu. Bila makato hayo, anayeamka usiku kufuata bei angejaza mfuko mapema, na ifikapo Januari usawa wa milioni 100 ungekuwa hadithi ya zamani. Nakubali faida ikatwe. Ila mwandishi wa kanuni angeweza kuikata na hasara kwa kipimo hicho hicho, na usawa ungebaki.

Pamoja na kasoro hiyo, mchezo huu wa kufikirika una haki kuliko mingi ya kweli. Agosti 2021 Lionel Messi aliondoka Barcelona kwa sababu kikomo cha matumizi cha ligi ya Hispania hakikuruhusu mkataba wake mpya. Lakini kikomo kile hupimwa kwa mapato ya kila klabu: mwenye kingi anaruhusiwa kingi. Uingereza nako ilipimwa hasara, na Machi 2024 Nottingham Forest walinyang'anywa pointi 4 kwa kuzidisha. Pointi 4, kama mimi ninapozidisha badiliko moja. Tofauti ni kwamba mimi na jirani yangu tulianza na fedha sawa.

Hapa kwetu hakuna milioni 100 ya kila mtu. Kanuni zetu huhesabu wachezaji wa kigeni, 12 kwa klabu katika miaka ya karibuni, lakini idadi hiyo ina maana kwa mwenye uwezo wa kuwasajili 12 wazuri. Tangu Mtibwa Sugar ichukue ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni Azam pekee, msimu wa 2013/14, iliyowapokonya Simba na Yanga kombe la ligi. Mkoa wetu wa Lindi una Namungo ya Ruangwa, Wauaji wa Kusini. Walipanda daraja 2019, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho huko Sumbawanga, wakafungwa 2-1 na Simba. Msimu wa 2020/21 wakacheza hatua ya makundi Afrika. Timu ya namna hii ikipata kijana anayeng'aa, simu kutoka Dar es Salaam haichelewi, na anaweza kwenda kukaa benchi la mkubwa.

Sidai kikomo cha mishahara kiletwe kesho. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba 2025. Ukiwafunga mikono nyumbani, Waarabu wa kaskazini hawatawasubiri. Ninachokitamani kutoka Fantasy ni kanuni ya benchi. Kule anayekaa benchi ananunuliwa kwa mfuko ule ule, na kila senti iliyolala pale imetolewa kwa anayecheza. Ligi yetu ikipunguza idadi ya wachezaji ambao klabu inaweza kuwasajili, mkubwa atalazimika kuchagua kama tunavyochagua sisi, na baadhi ya anaowaacha watacheza kila wiki Ruangwa badala ya kuvaa kizibao pembeni ya uwanja Dar es Salaam.