Mwalimu Anayetazamisha

Aliyefanya mtihani wa Jiografia wa Kidato cha Nne hapa Tanzania anaijua ile picha. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imerudufiwa hadi mbuzi na mawe vinafanana, na chini yake maswali yamejipanga: hii ni picha ya aina gani, unadhani imepigwa sehemu gani ya nchi, toa sababu. Hapo kwenye kutoa sababu ndipo watu wanapotoka jasho. Miaka nenda miaka rudi tumelifundisha somo la kusoma picha kwa kukaririsha. Picha ya mlalo, ya mshazari, ya wima; sehemu ya mbele, ya kati, ya nyuma. Mwanafunzi anayaimba hayo kama nyimbo za mchakamchaka, kisha akiwekewa picha yenyewe mezani anaitupia jicho mara moja na kuandika "Mwanza" kwa sababu ameona maji.

Nataka kuwasifu walimu waliochoshwa na kukaririsha huko wakaamua kuwapa wanafunzi kamera. Kamera yenyewe ni simu janja ya mwalimu, mara nyingi yenye kioo kilichopasuka kona. Wengine wana vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Projekta hakuna, kwa hiyo picha inapitishwa dawati kwa dawati, na mwalimu anaomba Mungu simu isianguke.

Chukua hiyo picha ya wima. Kitabuni inaelezwa kwa ndege inayopita juu ya mashamba, na darasani karibu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Mwalimu mmoja ninayemfahamu hutandaza mchanga sakafuni, akapanga juu yake ndoo, sufuria, kifagio cha chelewa, kandambili na kipande cha kamba kilichopinda kama mto. Kundi la kwanza linapiga picha likiwa limechuchumaa. La pili linapiga likiwa limesimama juu ya kiti, simu imeinamishwa. La tatu linanyoosha mkono juu kabisa, lenzi ikitazama chini moja kwa moja. Picha hiyo ya tatu ndiyo inayozua zogo. Ndoo imekuwa duara, sufuria nayo imekuwa duara, na hakuna anayethubutu kuapa ipi ni ipi. Wanabishana mpaka binti mmoja anauliza mbona duara hili lina kivuli kirefu kuliko lile. Jua la asubuhi linaingia dirishani kwa upande, na ndoo ni ndefu kuliko sufuria. Wataalamu wanaosoma picha za anga hukadiria urefu wa majengo na miti kwa njia hiyo hiyo. Binti hajui kwamba ameingia kwenye taaluma ya watu. Yeye anajua tu kwamba ameshinda ubishi.

Ubishi wenyewe huenda kwa Kiswahili. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na sentensi za Kiingereza za kujibia mtihani zitakuja baadaye, zikiwa na kitu cha kusema ndani yake. Najua wapo watakaokunja uso. Wakunje. Mtoto asiye na hoja hapati hoja kwa kubadilishiwa lugha.

Baada ya hapo darasa linatoka nje, kila kundi na ruhusa ya kupiga picha tatu tu. Masharti hayo yametokana na uhaba, simu ni moja na wanafunzi wanakaribia sitini, lakini yamegeuka kuwa kiini cha ufundi. Mwenye picha tatu hupiga hatua nyuma, akachuchumaa, akabishana na wenzake kama mti uingie au ukatwe. Uhaba huo ulikuwepo enzi za filamu. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1970, mpiga picha Wendy Ewald aliwafundisha watoto wa milima ya Kentucky kwa kamera za bei rahisi za filamu. Walipiga, wakasafisha picha wenyewe, wakaandika kuhusu familia zao, wanyama wao na ndoto zao. Kitabu chao, Portraits and Dreams, kilitoka 1985. Baadaye mbinu yake ililetwa hadi Arusha kupitia Chuo Kikuu cha Duke, ikaingia kwenye madarasa ya walimu wetu. Filamu ina idadi ya picha, ikiisha imeisha. Mwalimu mwenye simu inayobeba picha maelfu inabidi aubuni uhaba huo mwenyewe.

Picha zikisharudi darasani, mwalimu wa aina hii ana swali moja tu: umejuaje?

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa, Kilimanjaro, nikasikia swali hilo likirudiwa mpaka likawa kero. Picha ilikuwa ya shamba la migomba na kahawa chini yake. Kijana akasema hapa ni Uchagani. Umejuaje? Kwa sababu kuna migomba. Bukoba hakuna migomba? Ipo, Madamu. Na kahawa? Nayo ipo. Basi umejuaje? Kimya. Simu ikazunguka upya, wakawa wanakuza picha kwa vidole viwili, wanaisogeza huku na huku, mpaka mmoja akasema kuna mstari wa maji unakata mteremko, hauteremki nao. Ulikuwa mfongo, mfereji wa jadi wa Wachaga unaoleta maji kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kutoka kwenye vijito vya juu. Mto hushuka kwa njia iliyo rahisi kwake. Mstari unaoambaa na kilima umechimbwa na mtu. Wote wale wamezaliwa kando ya mifongo, wameruka mifongo wakienda shule. Ilibidi wauone kwenye kioo cha simu ndipo wautumie kama ushahidi.

Jioni picha ile iliingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo namba zilizomo ni za baba, mama, dada mkubwa, na kila ujumbe unaanza na "Shikamoo Madamu" hata kama ni saa tatu kasoro na mtu ana haraka. Babu mmoja akatuma ujumbe wa sauti kwa simu ya mjukuu, akieleza zamu za maji zilivyogawanywa zamani na jinsi mtu aliyeiba maji usiku alivyojulikana asubuhi. Hakuna kitabu cha kiada ambacho kingempata babu huyo. Kundi la WhatsApp limechafuliwa sana na salamu za maua na matangazo ya michango, nami nimejitoa kwenye mengi, lakini nimeona pia likifanya kazi ambayo baraza la nyumbani lilikuwa likifanya. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya corona, makundi ya namna hii ndiyo yaliyobaki mikononi mwa walimu wengi, na waliokuwa wamezoea kuuliza maswali humo hawakuanza na mguu wa kushoto.

Shule za Moshi na vijiji vya juu yake zina picha nyingine ya kufundishia, nayo iko nje ya dirisha. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana alfajiri na mapema. Ikifika saa nne mara nyingi mawingu yamekwisha kukifunika. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klute alikipiga picha za vipimo, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani inayoonyesha barafu ya takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Kila anayesema leo kwamba Kilimanjaro imepoteza barafu yake nyingi anaanzia kwenye picha za mtu aliyeandika alisimama wapi. Hilo la kusimama wapi ndilo wanafunzi wanaloanza nalo. Simu inawekwa juu ya tofali lile lile, ukingo wake ukigusa nguzo ile ile ya baraza, bila kukuza, saa moja asubuhi, na jina la picha linaandikwa kwa tarehe. Siku moja mlima ni mweupe hadi mabegani. Keshokutwa mweusi, umebaki na viraka vyake vya juu.

Somo la mfululizo huo huja wakati wa masika. Mvua kubwa ikinyesha, mitandaoni huzagaa picha ya Kibo kikiwa cheupe pee, na maneno kwamba barafu imerudi, wanasayansi walitudanganya. Wanafunzi wenye picha zao za tarehe wanajua kinachotokea: ile ni theluji ya usiku, inakaa siku chache inaondoka, na barafu ya kudumu ni ule weupe unaobaki baada yake. Tena wanajifunza kuuliza picha ya mtandaoni imepigwa lini. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa ili iwe nyepesi na kumbukumbu zake za ndani, za saa na mahali, hazifiki. Ukiituma kama faili, inafika nzima. Inakula bando zaidi, na mzazi atalalamika. Walimu wengi hufanya hesabu: picha za kuchekesha zipite njia ya kawaida, za ushahidi ziende kama faili.

Sijataja Fizikia, na huko ndiko nilikovutwa zaidi. Simu nyingi hurekodi video ya fremu 30 kwa sekunde. Mwimo wa mlango unachorwa alama za sentimita kwa chaki, chungwa linaachiwa kutoka juu, mita 2, na mwingine anarekodi akiwa amekaa mbali kidogo ili asiisogeze simu. Kisha video inasukumwa kwa kidole, fremu moja moja. Katika fremu 5 za kwanza chungwa limeshuka karibu sentimita 14 tu, kana kwamba linasita. Tano zinazofuata, 41. Tano za tatu, 68, na hapo halionekani tena kama chungwa, limekuwa mchirizi wa kijani. Gawanya kila moja kwa 14: unapata karibu 1, 3, 5. Galileo alizikuta namba hizo hizo za witiri zaidi ya miaka 400 iliyopita kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, akipima muda kwa maji yanayotiririka. Watoto wa Kidato cha Pili wanazipata kwa chungwa la Muheza kabla kengele haijalia, na chungwa linaliwa.

Mwalimu anayenijia kichwani kila nikiwaza ufundi huu hakuwa hata na kompyuta ya kufundishia. Februari 2018 Richard Appiah Akoto, wa shule ya Betenase huko Sekyedomase, Ghana, alibandika Facebook picha zake akichora ubaoni, kwa chaki za rangi, dirisha zima la Microsoft Word. Wanafunzi wake walikuwa wakisubiriwa na mtihani wa taifa wa TEHAMA, na shule haikuwa na kompyuta ya kuwaonyesha. Picha zilizunguka dunia, Microsoft wakamwalika Singapore, na kompyuta zikaja shuleni. Wengi waliona umaskini wa Afrika na kusikitika. Mimi niliutazama ule mchoro. Vitufe vipo mahali pake, rula ya juu ya ukurasa ipo, menyu zimepangwa kwa mpangilio wake. Jaribu kuchora kwa kumbukumbu kioo unachokitumia kila siku, uone utafika wapi. Yule bwana alikuwa ameitazama ile programu kuliko wengi wanaoifungua kila asubuhi.

Kubandika, hata hivyo, kuna gharama yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nafurahi sheria zipo, maana nimechoka kuona picha za watoto wenye sare zilizochanika zikitumika kuombea misaada, na za waliofeli zikiwekwa kando ya waliofaulu. Mwalimu stadi hujua picha ya kutopiga. Anafuta mbele ya darasa, anaeleza kwa nini anafuta, na hilo nalo ni kipindi.

Katika darasa moja katazo la aina hiyo lilileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Walitumwa kupiga picha za kazi za mtaani, na mwalimu akakataza sura za watu. Basi wakapiga mikono. Akina mama, ambao kwa kawaida hukataa kamera, waliitoa mikono yao bila neno. Kukaja mkono unaochambua mchele, mkono wa fundi baiskeli, na mikono miwili juu ya kahawa mbichi, imelowa, kucha zimeingia weusi. Picha hiyo ya mwisho iliingia kwenye kundi jioni na swali la kawaida: huyu yuko kwenye kumenya au kwenye kuanika, na umejuaje? Wengine wakasema kumenya, tazama ute unavyong'aa vidoleni. Wengine wakasema hapana, nyuma yake unaona waya wa kichanja. Mzazi mmoja akaingia akasema kahawa ikitoka kuoshwa hupelekwa kichanjani ingali inachuruzika, kwa hiyo maji hayathibitishi kitu. Mwingine akamjibu kwamba ute si maji. Saa tatu usiku Madamu akalifunga kundi, kama ilivyo kanuni, na asubuhi nikawakuta bado wanabishana kwenye foleni ya uji, huku kijana mmoja akiwa ametoka nyumbani na punje za kahawa mfukoni.