Mbao Nyepesi, Viwavi Wengi

Mwaka 2007 Jan Esper, Ulf Büntgen na wenzao walichapisha historia ya nondo mmoja wa milima ya Alpi, inayorudi nyuma karibu miaka 1,200. Ushahidi mkuu waliutoa ndani ya mbao za mti wa mlariksi.

Viwavi wa nondo huyo hula majani ya mlariksi mwanzoni mwa kiangazi. Kila baada ya miaka minane au tisa hivi huzaliana kwa wingi wa kutisha, na mteremko mzima hugeuka rangi ya kahawia. Mti kwa kawaida haufi. Huchipua tena baada ya wiki chache, ila muda wa kujilisha umeshapotea, na chembe zinazofunga pete ya mwaka, ambazo zingekuwa na kuta nene, hubaki na kuta nyembamba.

Wengi wangekimbilia kupima upana wa pete. Upana hutatanisha, kwa kuwa mti ulioliwa huweza kuendelea kukua kwa shida hata mwaka unaofuata, na mwaka wenyewe wa shambulio ukafichika. Watafiti hawa walipima msongamano wa mbao ya mwisho wa msimu: kipande chembamba hupigwa eksirei, na sehemu nyepesi hujionyesha. Kipimo hicho hushuka mwaka uleule wa viwavi.

Lakini baridi nayo hufanya vivyo hivyo. Kiangazi cha 1816, baada ya mlipuko wa volkano ya Tambora, kilikuwa cha baridi kali Ulaya, na miti ilifunga pete nyepesi bila kuguswa na kiwavi. Ndiyo maana mlariksi hulinganishwa na mti ambao nondo huyu hauharibu sana, kama msprusi. Ikiwa miti yote miwili imedhoofika, hiyo ni hali ya hewa. Ukidhoofika mlariksi peke yake, viwavi walipita. Kwangu, ulinganisho huu ndio uti wa mgongo wa kazi yote; bila huo, kila baridi ingehesabiwa kuwa nondo.

Miti iliyo hai haifiki nyuma karibu miaka 1,200. Pengo lilizibwa na boriti za majengo ya kale ya Uswisi, zilizopewa miaka kwa kuoanisha mfuatano wa pete zake na wa miti hai.

Mawimbi ya viwavi yaliendelea karne baada ya karne hadi 1981, kisha yakatoweka kwenye pete walizopima, na watafiti walihusisha kimya hicho na ongezeko la joto. Tukumbuke tu kwamba pete hunasa mashambulio makubwa. Viwavi wachache wangeweza kula na kuondoka bila mbao kubadilika.