Anzia Sikioni: Namna ya Kuupima Upasuaji wa Kuinua Uso

Ukitaka kujua kama uso ulioinuliwa kwa upasuaji umepita kwenye mkono wenye ujuzi, usianze na shavu. Shavu hudanganya, kwa sababu ngozi yoyote ikivutwa hunyooka. Anza na sikio. Kovu la upasuaji huu huanzia panjani, hushuka mbele ya sikio, huzunguka chini ya ndewe, hupanda nyuma yake na kuishia kwenye nywele za kisogoni. Njia hiyo nzima ndiyo saini ya daktari, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuisoma.

Tazama ndewe kwanza. Ndewe iliyoachwa salama hubaki na umbo lake la mviringo, ikining'inia huru. Ndewe iliyoharibiwa huvutwa chini na mbele, ikarefuka na kugandamana na taya kana kwamba imeshonewa shavuni. Sababu yake ni moja: uzito wa shavu lililoinuliwa umeachiwa mshono wa ngozi, na ngozi siku zote hulegea kuelekea kwenye uzito. Kisha tazama kile kinundu kinacholinda tundu la sikio kwa mbele. Kikiwa kimelazwa au kimevutwa mbele hadi tundu likabaki wazi, aliyeshona aliivuta ngozi kupita kiasi. Kwa wanaume kuna jambo la ziada: ngozi yenye ndevu ikisogezwa bila mpango, mtu huanza kunyoa ndevu juu ya sikio lake.

Halafu nywele. Vitabu vingi vya upasuaji huu viliandikwa kwa kuwafikiria wagonjwa wenye nywele ndefu za kuachia, zinazofunika kila kitu. Mwanamke wa Mwanza anasuka twende kilioni, anafunga kilemba leo na kesho anakata nywele fupi kabisa. Kovu ambalo kwingine lingejificha, kwake litakuwa wazi kila anaposukwa. Wengi pia wameshapoteza nywele za panjani kwa miaka ya kusukwa kwa kukazwa, na daktari asiyeliona hilo mapema anaweza kuusogeza mstari wa nywele nyuma zaidi. Nenda kwenye mashauriano ukiwa umefumua nywele. Daktari akichora njia ya kisu chake bila kukuuliza unazitengenezaje nywele zako, mimi nisingempa uso wangu.

Chini ya ngozi ndiko kazi yenyewe iliko. Kwa miongo mingi tangu upasuaji huu uanze Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari walikata ngozi, wakaivuta, wakapunguza iliyozidi, wakashona. Matokeo yalikuwa mazuri kwa muda mfupi, kisha uso ulishuka tena na makovu yakapanuka. Mswidi Tord Skoog alionyesha mwaka 1974 kwamba ngozi inaweza kuinuliwa pamoja na tabaka lililo chini yake. Miaka miwili baadaye, Wafaransa Mitz na Peyronie walilieleza vizuri tabaka hilo: utando imara ulioungana na misuli ya uso. Mwaka 1990 Mmarekani Sam Hamra akaandika juu ya kuingia chini zaidi ya hapo, mahali ambapo mishipa ya fahamu ya uso ipo karibu sana na ncha ya kisu. Fundi cherehani mzuri huubebesha uzito wa koti kwenye bitana ili kitambaa cha nje kilale chenyewe; hivyo ndivyo uso mzuri unavyoinuliwa. Ngozi hulazwa tu juu ya kazi iliyokwisha kufanyika chini.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Utaivuta ngozi peke yake, au utalishughulikia na tabaka la chini? Kwa nini njia hiyo kwa uso wangu?" Zipo njia kadhaa zilizo halali. Unachokitafuta ni maelezo yanayotoka usoni pako. Maelezo yaliyokaririwa, anayopewa kila anayeingia mlangoni, ni ishara mbaya.

Kipimo kinachofuata ni mwendo. Picha ya uso uliotulia haisemi mengi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu acheke, apige mluzi, afumbe macho kwa nguvu, apandishe nyusi zote mbili. Mishipa inayoamuru misuli ya uso hutokea karibu na sikio na kusambaa katika matawi makuu 5. Tawi la panja likijeruhiwa, nyusi ya upande mmoja haipandi. Tawi linalofuata ukingo wa taya likijeruhiwa, mdomo wa chini hupinda wakati wa kucheka. Mara nyingi udhaifu huo ni wa wiki au miezi kisha huisha, lakini daktari asiyekuambia habari zake kabla ya kukupeleka chumba cha upasuaji amekunyima haki yako. Mshipa unaojeruhiwa mara nyingi zaidi kuliko yote si wa mwendo bali wa hisia: ule unaopanda shingoni kwenda kwenye sikio. Ukikatwa, mtu huvaa hereni bila kuihisi.

Sasa tuzungumze juu ya ngozi yetu wenyewe. Ngozi nyeusi hulindwa na weusi wake dhidi ya jua, hivyo makunyanzi madogo huchelewa. Kinachotangulia kwa wengi ni kushuka kwa mashavu, taya na shingo. Hiyo ni habari njema kwa upasuaji huu, kwa sababu kushuka ndiko unakokutibu. Lakini ngozi hiyohiyo ina tabia ya kutoa keloidi, yale makovu yanayovimba na kutambaa nje ya jeraha. Kama ulitogwa masikio na pakaota nundu, au ndugu yako wa damu anayo, jambo hilo litangulie mazungumzo yote, maana mshono huu unapita palepale. Mara nyingine jibu sahihi ni kutofanya upasuaji kabisa, na daktari anayeweza kulitamka jibu hilo anastahili heshima kubwa.

Mkorogo nao usifichwe. Krimu za kujichubua zenye steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, zikachelewesha jeraha kupona, na zenye zebaki hudhuru figo. Ninajua ni jambo la aibu kulitaja mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe. Litaje. Sigara pia: iachwe angalau wiki 4 kabla, kwa sababu hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio inaweza kufa.

Kuna uso mwingine ambao huonekana umezeeka kumbe haujashuka. Baadhi ya watu waliotumia dawa ya stavudini wakati ilipokuwa sehemu ya tiba ya VVU, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iondolewe taratibu, walipoteza mafuta ya mashavu. Uso wao umebonyea. Kuuvuta uso wa namna hiyo ni kuufanya uonekane mkavu zaidi. Unahitaji kujazwa, kwa mfano kwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Daktari anayetofautisha kilichoshuka na kilichopungua ameshapita nusu ya mtihani. Makunyanzi ya kuzunguka mdomo, madoa ya jua na ngozi iliyokakamaa pia si kazi ya kisu hiki.

Nani basi aaminiwe? Wapo wanaofikiri kwamba daktari wa urembo na daktari wa majeraha ya moto ni watu wa dunia mbili. Historia ya Afrika Mashariki inakataa. Mwaka 1957 shirika la AMREF lilianzishwa na madaktari watatu wa upasuaji rekebishi: Archibald McIndoe, aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, Michael Wood, aliyefanya kazi Kenya, na Thomas Rees wa New York, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa waliosifika sana Marekani kwa kuinua nyuso. Mkono uliounganisha midomo iliyopasuka na kufungua shingo zilizojikunja kwa moto ulikuwa uleule ulioinua nyuso. Hadi leo hicho ndicho kipimo ninachokiamini: uliza kwanza kazi za majeraha ya moto, midomo ya watoto na uvimbe wa taya. Mtu asiyewahi kuutengeneza uso ulioharibika hajui ni nini anachokihatarisha kwenye uso mzima.

Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, mahali pa kuanzia ushauri ni Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima, hata kama mwisho wa safari utakuwa Dar es Salaam, Nairobi au India. Jina la daktari lihakikishwe katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, na ubingwa wake uwe wa upasuaji rekebishi. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu, COSECSA, hutoa ubingwa huo kwa mtihani. Cheti cha kozi fupi kilichotundikwa saluni hakihusiani kabisa na kazi hii.

Usiku wa kwanza huamua mengi. Tatizo linaloongoza baada ya kuinua uso ni damu kuvilia chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya saa 24, na wanaume hupatwa zaidi. Uso huvimba upande mmoja, maumivu hupanda ghafla, na ngozi isipopunguziwa mgandamizo huo haraka inaweza kufa. Presha ndiyo mchochezi mkuu, na wengi wetu tunayo bila kujua. Ipimwe wiki kadhaa kabla. Aspirini na diklofenaki zisimamishwe kwa ushauri wa daktari, pamoja na vitunguu saumu vinavyomezwa kama dawa. Uliza nani atakuwa macho usiku ule, na chumba cha upasuaji kinaweza kufunguliwa ndani ya muda gani. Uliza pia nani atakulaza kwa nusu kaputi: mtaalamu wa usingizi aliyesomea, au yeyote aliye zamu?

Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu wa Ukerewe au Sengerema afanyiwe upasuaji mbali kisha apande basi siku ya tatu. Panga kukaa karibu na daktari wiki 2: nyuzi hutolewa ndani ya siku 5 hadi 10, na alama za damu hufifia katika wiki ya pili au ya tatu. Gharama ya nyumba ya kulala na ya ndugu wa kukuangalia iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Aliyekupa bei ya kisu peke yake hajakupa bei.

Mwisho, picha. Omba za watu wenye ngozi kama yako, waliokubali zionyeshwe, zilizopigwa kwa mwanga uleule, kichwa kikiwa mkao uleule, nywele zimerudishwa nyuma. Ya mbele, ya ubavuni, na ya nyuma ya sikio. Picha ya wiki ya sita bado ina uvimbe unaoficha makosa na kujaza mikunjo; unayoihitaji ni ya mwaka mmoja, kovu likiwa limekomaa. Kidevu kikiwa kimeinuliwa kwenye picha ya "baada" na kuinamishwa kwenye ya "kabla", rudisha albamu na uage.